Mezani na Wasomaji: Utamu wa Moscato Unatoka Wapi?

Katika toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu zabibu nyeupe za Italia ziitwazo Moscato, nikasema kwamba zina harufu ya maua, na kwamba katika mivinyo mitamu yote niliyowahi kuimimina mezani, ya zabibu hizi ndiyo ninayoithamini zaidi. Barua zimemiminika kutoka pande zote za Mombasa, nyingine za kuuliza, nyingine za kubisha. Basi leo safu yote ni ya Moscato. Kwa msomaji mgeni: mimi ni Mrabai, nimehudumu mvinyo katika hoteli za pwani hii mpaka nikastaafu, na ninayoyaeleza hapa ni ya kazi hiyo.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja hapa Nyali. Wageni wetu wa Kiitaliano, hasa wanaoshuka kutoka Malindi na Watamu, wakishamaliza kula huniuliza kama tuna Moscato. Mkubwa wangu wa baa huniambia hiyo ni waini ya kutiwa sukari na maji, nisiisumbukie. Wiki iliyopita mgeni alitaka kujua kwa nini chupa imeandikwa asilimia 5 tu ya kileo na nyingine zote ni 12 au 13. Sikuwa na jibu. Nimweleze nini?*
Mhudumu, Nyali

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu ili akija mwingine usibabaike.

Maji hayamo kabisa. Mgema wa Asti hakusifiwa akatia maji. Na utamu wote uliomo katika chupa ile umetoka kwenye zabibu. Wewe ni mtu wa pwani, tembo unalijua. Likishushwa mnazini alfajiri ni tamu. Likikaa mpaka jioni utamu umekwisha na ukali umeingia. Ule utamu haukupotea hewani, umeliwa na hamira ukageuzwa kileo. Sasa fikiria kama ungepata njia ya kulisimamisha tembo lile saa tatu ya asubuhi, likabaki vile vile, tamu na lenye povu kidogo, kwa miezi na miezi. Hiyo ndiyo kazi ya watu wa Asti.

Asti ni mji wa jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na vilima vinavyouzunguka vimejaa mizabibu ya Moscato Bianco. Punje zake ni ndogo. Zikiiva hutoka kwenye kijani zikaingia dhahabu, na upande uliopigwa na jua hufanya madoadoa ya kahawia. Zikikamuliwa, maji yake huwa na sukari ya gramu 200 hivi kwa lita. Hamira ikishaanza kazi, kila gramu 17 za sukari kwa lita huzaa takriban asilimia 1 ya kileo. Ikiachwa imalize sukari yote, utapata mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, unaokaribia asilimia 12, kama ile mingine ya baa yenu. Lakini fundi haiachi. Kileo kikifika asilimia 5 hivi, tangi hupozwa ghafla mpaka karibu na nyuzi sifuri, hamira ikazizima, kisha mvinyo hupitishwa kwenye vichujio vyembamba mno vinavyoinasa hamira yote. Piga hesabu mwenyewe: 5 mara 17 ni 85, toa 85 katika 200, zinabaki gramu 115. Hizo ndizo utamu anaouonja mgeni wako, na ndiyo sababu ya ile asilimia 5 kwenye lebo. Sheria ya Moscato d'Asti yenyewe inaruhusu kileo kati ya asilimia 4.5 na 6.5, si zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo mhudumu akilijua humfurahisha sana mgeni. Maji ya zabibu hayachachushwi yote kwa pamoja msimu wa mavuno. Hukamuliwa, huchujwa, kisha hutunzwa kwenye baridi karibu na sifuri, na mwenye kiwanda huchachusha kidogo kidogo kadiri chupa zinavyohitajika mwaka mzima. Ndiyo maana chupa nzuri ya Moscato hunukia kama zabibu iliyochumwa asubuhi hiyo.

Na yale mapovu? Mwaka 1865 Carlo Gancia, aliyekuwa amejifunza kazi Reims huko Ufaransa, alitoa mjini Canelli mvinyo wa mapovu wa Moscato uliotengenezwa kwa njia ya Champagne, yaani hamira inafanya kazi ndani ya chupa yenyewe. Tabu yake ni hii: chupa yenye sukari nyingi na hamira iliyo hai haina salama. Hamira ikiendelea kula, gesi inaongezeka, na kioo kinapasuka. Mwaka 1895 Federico Martinotti, mkuu wa kituo cha utafiti wa mvinyo cha Asti, akavumbua namna ya kuchachusha ndani ya tangi kubwa lililofungwa, ambamo fundi anaweza kupoza na kuchuja akiwa bado ameizuia gesi isitoroke. Mfaransa Eugène Charmat aliiboresha mwaka 1907, na katika vitabu vingi vya hoteli utakuta jina la huyo Mfaransa peke yake. Mimi nimewafundisha vijana wote waliopita mikononi mwangu kumtaja Martinotti kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetangulia, na bila tangi lake Moscato ya leo isingefika Nyali.

Mkubwa wako mweleze haya kwa adabu, wakati hakuna mteja. Kisha mwombe aweke chupa mbili tatu kwenye friji ya baa, si kwenye rafu iliyo juu ya mashine ya kahawa.

*Assalamu aleikum Mzee. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Mji wa Kale, na kileo kwangu hakiingii. Lakini uliandika kwamba zabibu hizo zina harufu ya maua, nami napenda sana vitu vya kunukia. Harufu hiyo hutiwa au ni ya zabibu yenyewe? Na mtu kama mimi anaweza kuipata bila mvinyo?*
Msomaji, Mji wa Kale

Waaleikum salaam, Bi. Barua yako nimeifurahia kuliko zote.

Harufu ni ya zabibu yenyewe. Zabibu nyingi za mvinyo ukizila mbichi hazina harufu ya maana. Harufu zake huzaliwa baadaye, kwenye uchachu na kwenye mapipa. Moscato ni tofauti. Ndani ya ngozi na nyama ya punje yake mna mafuta mepesi yanayonukia, na mawili makubwa huitwa linaloli na geranioli. Haya si mageni nyumbani kwako. Linaloli imo katika asumini, imo katika mrehani, na ndiyo iliyojaa katika punje za giligilani unazotia kwenye bizari. Geranioli ni ya waridi. Kwa hiyo anayesema Moscato inanukia asumini na waridi hapambi maneno.

Nilionyeshwa hilo mezani. Mgeni mmoja, bibi mzee wa upande wa Canelli, alikuwa amewekewa kibakuli cha asumini katikati ya meza, kama tulivyofanya kila jioni. Nilipommiminia Moscato alichukua ua moja, akalifikicha kati ya vidole viwili, akavinusa, kisha akanusa glasi. Alirudia mara mbili, taratibu, uso umekunjamana kwa kusikiliza pua yake. Halafu akanisogezea vidole na glasi, akaniashiria nami ninuse. Tangu siku hiyo sijamweleza mtu Moscato bila asumini karibu.

Sasa, kuipata bila kileo. Wapo ndugu wa Moscato ambao huliwa. Mkubwa wao huitwa Moscato ya Alexandria, na Waitaliano wa kusini huiita Zibibbo. Vipimo vya nasaba vya siku hizi vimethibitisha kwamba ni mtoto wa Moscato Bianco. Punje zake ni kubwa, zina kokwa, na kusini mwa Italia huliwa mbichi kama tunda, na huanikwa zikawa zabibu kavu. Ukipita Marikiti ukakuta zabibu kavu kubwa zenye kokwa, omba moja uitafune polepole. Ikiwa ni ya ukoo huu utaihisi harufu ikipanda puani kabla hujameza.

Ukizikosa, fanya hivi. Chukua kikombe cha zabibu kavu nyeupe, zioshe, zifunike kwa maji ya kunywa, tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya waridi na punje chache za giligilani ulizozipondaponda. Weka kwenye friji usiku mmoja, asubuhi ponda na uchuje. Nasisitiza friji, Bi, na utumie siku hiyo hiyo: maji ya zabibu yakikaa nje kwenye joto la Mombasa huanza kuchacha yenyewe, na hilo hulitaki. Mimina juu ya vipande vya papai au embe, au changanya na sharubati ya ndimu.

Tahadhari moja. Zipo keki za dukani zilizookwa kwa Moscato, na wauzaji husema kileo kimeisha kwenye oveni. Hakiishi chote. Uliza kabla ya kununua.

*Mzee, habari za kazi. Tunaandaa send-off ya binti yangu na familia ya mume ni ya watu wanaopenda waini tamu. Dukani nimekuta chupa zimeandikwa Moscato, nyingine Moscato d'Asti, nyingine Asti, na moja ndogo ya Passito ambayo bei yake ilinitisha. Tofauti ni nini? Na nitajuaje kama si bandia?*
Mama bibi harusi, Bamburi

Hongera, Mama, Mungu amjalie binti nyumba yenye amani.

Neno Moscato peke yake ni jina la zabibu, na mtu yeyote duniani anaweza kuliandika. Chupa nyingi za jina hilo zilizo madukani mwetu ni za Afrika Kusini, na miongoni mwake zipo nzuri. Nyingine ni sukari tupu isiyo na harufu. Hizo zinakunywika, lakini si za kumheshimu nazo mkwe.

Moscato d'Asti ni ya vilima vya Piemonte tu. Ina povu dogo, kileo cha chini, na aghalabu kizibo chake ni cha kawaida cha kuvutwa kwa kizibuo. Asti, ambayo wengi huiita Asti Spumante, ni ya zabibu zile zile na vilima vile vile, ila ina mapovu mengi zaidi, kileo kimepanda kidogo, na kizibo chake hufungwa kwa waya na hulia kikifunguliwa. Kwa shamrashamra ya send-off, wageni wamesimama na kamera ziko tayari, chukua Asti. Kwa meza ya wazee, watu wameketi na keki imekatwa, Moscato d'Asti ndiyo nzuri.

Zote mbili zilipata daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia mwaka 1993, liitwalo DOCG. Alama yake ni ukanda mwembamba wa karatasi wa serikali, wenye nambari, uliobandikwa shingoni mwa chupa ukapita juu ya kifuniko. Chupa inayojiita Moscato d'Asti bila ukanda huo iache hapo hapo. Kisha tazama mwaka. Moscato d'Asti hainywewi kwa uzee: mwaka mmoja au miwili tangu mavuno ndiyo ujana wake. Muuzaji akikusifia chupa ya miaka sita kwamba imekomaa, mshukuru uende zako.

Ile ndogo ya Passito ni kitu kingine, na bei yake ina sababu. Nimeieleza kwenye jibu linalofuata.

*Mzee, mimi ni kijana wa kiume, nafanya kazi bandarini. Napenda waini tamu, lakini wenzangu hunicheka kwamba hiyo ni ya wanawake na ya watu wanaoanza kunywa, eti mwanamume hunywa kavu nyekundu. Je, ni kweli anayejua waini huacha tamu?*
Kijana, Tudor

Ndugu yangu, hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana jambo hili limenikera kwa muda mrefu kazini. Nimeona wageni wa kiume wakiagiza kinyume na ulimi wao kwa kuogopa macho ya meza ya pili. Si kweli hata kidogo. Mvinyo mtamu wa kweli ni kazi ngumu zaidi kuliko mkavu, na historia yake ni ya wafalme.

Anza na bara letu. Karibu na Cape Town kuna mahali paitwapo Constantia. Katika karne ya 18 mvinyo mtamu wa hapo uligombewa na majumba ya kifalme ya Ulaya, na zabibu za ukoo wa Moscato zilikuwa ndani yake. Napoleon, alipofungiwa kisiwani St Helena, alikuwa akiletewa mvinyo huo. Mtu huyo alikuwa ameitawala nusu ya Ulaya, na alikunywa tamu bila kumwomba mtu radhi. Baadaye magonjwa ya mizabibu yaliuua mvinyo huo, ukafufuliwa kwa mavuno ya mwaka 1986, kwa Moscato hii hii ya punje ndogo, ambayo huko huitwa Muscat de Frontignan.

Kisha nenda Pantelleria. Ni kisiwa cha Italia kilicho karibu na Tunisia kuliko Sicilia, kilichozaliwa na volkano, kina mawe meusi na upepo usiolala. Watu wa huko hulima Zibibbo, yule mtoto wa Moscato niliyemtaja juu. Mzabibu wao hauna nguzo wala waya. Kila mmoja hupandwa ndani ya shimo lililochimbwa kama bakuli pana, shina likabaki fupi, matawi yakatambaa chini ya usawa wa ardhi, ili upepo upite juu bila kuuvunja na umande ukusanyike shinani, kwa sababu mvua ni adimu. Trekta haliwezi kuingia. Kuchimba, kupogoa, kuvuna, yote ni kwa mikono, mgongo umeinama. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ukulima huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mavuno ya kwanza huanza Agosti. Vichala hutandazwa juani wiki tatu au nne, vikigeuzwa kwa mkono, mpaka vikasinyaa na utamu ukakolea. Wakati huo huo zabibu nyingine huachwa mzabibuni zichumwe baadaye, zikamuliwe na kuchachushwa. Hapo ndipo zile kavu, zilizokwisha kunyofolewa punje moja moja kutoka kwenye vikonyo, hutiwa ndani ya mvinyo unaochacha, zikaachia sukari na harufu yake kidogo kidogo. Kinachotoka ni Passito di Pantelleria: rangi ya dhahabu iliyokolea, harufu ya tini na asali na maganda ya chungwa, na chini ya utamu wote huo kuna ukakasi wa ndimu unaousafisha ulimi. Maji mengi ya zabibu yamekauka juani, kwa hiyo kilo nyingi hutoa chupa chache. Mama wa Bamburi, bei iliyokutisha ndiyo hii: jua, mikono, na kilichopotea kwa kukauka.

Huo ukakasi ndio kipimo, kijana. Mvinyo mtamu mbaya hukuachia ulimi mzito na kiu. Ule mzuri ukishameza kinywa kinabaki safi, unataka kuendelea kula. Anayejua mvinyo hupima hivyo. Wenzako wakikucheka waombe wafumbe macho waonje Passito na kipande cha jibini, kisha waseme.

*Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Naweza kupanda Moscato hapa Mombasa?*
Mkulima wa nyumbani, Changamwe

Mzabibu utaota na kukupa kivuli. Zabibu za kunukia, usizitegemee. Mzabibu unapenda kupumzika kwa baridi au kwa ukame, na pwani yetu haina baridi, tena hewa ina unyevu mchana na usiku. Moscato kwa tabia yake hushikwa upesi na ukungu wa majani na uozo wa vichala, na nyuki na nyigu huzipenda mno punje zake. Majirani zetu wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini wao wako juu zaidi ya mita 1,000, hewa yao ni kavu, na hupumzisha mizabibu kwa kuipogoa wakati wa ukame. Kenya, waliofanikiwa na mvinyo wako bara, kama vile Naivasha. Hapo Changamwe panda mkomamanga au mstafeli. Ukiung'ang'ania mzabibu, uweke mahali penye upepo wa bahari, upogoe uwe mwembamba jua lipenye, na usimwagie majani maji.

*Daktari ameniambia sukari yangu iko juu kidogo. Kwa kuwa Moscato ina kileo kidogo, si ndiyo afadhali kwangu?*
Msomaji, Likoni

Hapana, Mama. Kileo ni kidogo kwa sababu sukari imebaki. Glasi moja ya mililita 150 ya Moscato d'Asti ina sukari ya gramu 17 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai. Kwa hali yako daktari wako ndiye wa kusema, na umpelekee hesabu hiyo kabla hujafungua chupa. Kama atakuruhusu mvinyo, yaelekea atakuruhusu mkavu, kidogo, pamoja na chakula.

*Mzee wetu, zawadi ya Krismasi nilipewa Moscato d'Asti, ikakaa kabatini mpaka Machi. Nilipoifungua haikuwa na harufu, rangi imekuwa nzito, ladha kama maji ya sukari. Iliharibika? Na nyingine nikipata niihifadhi vipi, niinywe na chakula gani?*
Mpenzi wa safu hii, Mtwapa

Pole sana. Iliharibika, na aliyeiharibu ni joto la kaskazi. Kuanzia Desemba mpaka Machi kabati la nyumba ya Mombasa ni tanuri la pole pole, usiku halipoi. Ile linaloli niliyomweleza Bi wa Mji wa Kale ni nyepesi na ndiyo huondoka mwanzo, gesi hufuata, na sukari ikabaki peke yake bila mwenzake. Umeonja mabaki.

Moscato ikiingia nyumbani iende friji moja kwa moja, ikae humo mpaka siku yake. Usiiweke kwenye buti la gari hata kwa safari ya kuvuka feri. Unaponunua usichukue chupa iliyosimama dirishani kwenye jua. Mwombe muuzaji atoe ya ndani ya katoni. Ukiona kizibo kimesukumwa juu, au shingo inanata, imepata joto.

Inywewe baridi ya nyuzi 6 mpaka 8, kwa glasi ya mvinyo mweupe, usiijaze zaidi ya nusu ili harufu ipate nafasi. Kwa joto letu ndoo ya barafu iwe karibu, na barafu yenyewe usiitie ndani ya glasi. Ikishafunguliwa ina siku mbili, tatu ukiwa na kizibo kizuri. Passito ni mvumilivu zaidi, hukaa wiki kadhaa kwenye friji, na hunywewa isiwe baridi sana, nyuzi 12 hivi.

Kuhusu chakula, kanuni niliyoishika kazini ni moja: chakula kisiuzidi mvinyo kwa utamu. Kaimati zilizolowa shira zitaifanya Moscato ionekane chungu, na halwa itaifuta kabisa. Halwa mwachie Passito. Mkate wa sinia, wenye iliki na utamu wa wastani, unakaa nayo vizuri mno, kama Wapiemonte wanavyoinywa na keki yao ya hazelnut na panettone, mkate wao mtamu wa Krismasi. Embe la dodo lililoiva lakini lenye uchachu kidogo, nalo pia.

Na kuna jambo ambalo Waitaliano wengi hawalijui, sisi tunalo barabarani: viazi karai. Kileo cha asilimia 12 huongeza moto wa pilipili. Hiki cha asilimia 5, kikiwa na sukari na ubaridi, huutuliza. Chukua viazi vya moto, tia ukwaju na pilipili ya kusaga, kula kimoja, halafu kunywa funda dogo. Jaribu na mishkaki pia, ila nyama isiwe na mafuta mengi. Nyama ikiwa na mafuta mengi, Moscato ya kawaida huonekana nyepesi, na itakubidi utafute ile ya mapovu mengi, Asti, ambayo povu lake linayakata mafuta.